Kamera ya Mkanda Inapokosa Fokasi: Kutafuta Kosa Kabla ya Kushika Bisibisi

Picha isiyo kali iliyotoka kwenye kamera ya mkanda huzua lawama kabla haijazua maswali. Mpiga picha humlaumu aliyesafisha mkanda, aliyesafisha humrudishia mpiga picha lawama zake, na fundi, ambaye ameletewa kamera tupu bila negativu hata moja, hufanya kile ambacho fundi yeyote aliyenyimwa habari angefanya: hufungua skrubu za kwanza anazozifikia. Hapa Dar es Salaam wapo vijana wanaopiga picha kwa kamera zilizotengenezwa kabla hawajazaliwa, nyingine zikiwa zimetoka kabatini kwa babu na nyingine zikiwa zimenunuliwa kwenye mitumba, na kamera ya umri huo mara nyingi imekwisha kufunguliwa na mtu mwingine ambaye hakuacha maelezo. Ndiyo maana ninashikilia kwamba skrubu isiguswe mpaka negativu ziwe zimesomwa na njia za mwanga ndani ya kamera ziwe zimepimwa moja baada ya nyingine. Kazi hiyo haihitaji karakana. Inahitaji gazeti, kipande cha kioo, stendi ya miguu mitatu na mtu asiye na haraka.

Tuanze na kamera ya kioo, aina ambayo Pentax K1000, Canon AE-1 na Nikon FM2 ni mifano yake inayofahamika. Ndani ya kamera hiyo mwanga uliopita kwenye lenzi una safari mbili, na hauendi zote mbili kwa wakati mmoja. Unapochungulia, kioo kilichoinama kwa nyuzi 45 huurusha mwanga juu hadi kwenye kiwambo cha kulengea, na kutoka hapo prizimu huufikisha jichoni. Unapofyatua, kioo huinuka, shata hufunguka, na mwanga huenda moja kwa moja kwenye mkanda. Jicho lako kwa hiyo halijapata kuona kile ambacho mkanda unakiona. Linaona kiwambo tu, na linaamini kwamba kiwambo kiko mbali na lenzi sawasawa na ulivyo mkanda. Kiwambo na mkanda ni mashahidi wawili wa tukio moja ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja, na sehemu kubwa ya uchunguzi wa fokasi ni kujua ni yupi kati yao anayesema uongo, au kama wote wawili wanasema kweli na mwenye makosa ni lenzi au mpiga picha.

Umbali kutoka kwenye ringi inayoshika lenzi hadi kwenye mkanda umewekwa na mtengenezaji kwa kipimo kisichobadilika: milimita 46.5 kwa kamera za Nikon zenye ringi ya F, milimita 42 kwa Canon za FD, na milimita 45.46 kwa Pentax za K na kwa kamera za hesi ya M42, zikiwemo Zenit nyingi. Ukubwa wa kosa linalovumilika unategemea upana wa tundu la lenzi, ambao huandikwa kwa f na namba: namba ikipungua, tundu limepanuka. Katika hesabu zilizozoeleka za mkanda wa milimita 35, ambapo nukta huhesabiwa kuwa kali ikiwa kipenyo chake hakizidi milimita 0.03, mkanda unaweza kupotoka kiasi cha milimita 0.33 kila upande tundu likiwa f/11 bila mtu kugundua. Tundu likifunguliwa hadi f/1.4, nafasi hiyo inashuka hadi milimita 0.04. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban milimita 0.1, na kwa hiyo kosa linalolingana na unene wa karatasi halitaonekana kabisa kwenye picha za mchana, lakini litaharibu kila picha iliyopigwa tundu likiwa wazi.

Hapo ndipo penye jibu la lalamiko linalosikika mara kwa mara, kwamba kamera inapiga vizuri Coco Beach lakini ikiingizwa ukumbini usiku, kwenye sendi-ofu au harusi, nyuso zote zinatoka na ukungu. Kamera haijabadilika kati ya mchana na usiku. Jua la saa sita la Dar es Salaam humlazimisha mpiga picha kubana tundu hadi f/11 au f/16, na tundu dogo hufunika makosa ya kamera, ya lenzi na ya mkono kwa pamoja. Taa hafifu za ukumbini humlazimisha kulifungua, na kosa lililokuwapo siku zote linajitokeza. Umbali nao hufunika. Ukipiga Sanamu ya Askari pale Samora kwa lenzi ya milimita 50 ukiwa umesimama mita 8 kutoka kwake, hata kwa f/2 eneo lililo kali lina kina cha takriban mita 3, yaani sanamu nzima na bunduki yake, kwa hiyo picha hiyo haiwezi kukuambia lolote kuhusu afya ya kamera. Jaribio la kweli ni la karibu, tundu likiwa wazi kabisa.

Kabla ya jaribio lolote, zisome negativu ulizonazo. Tumia lenzi ya kukuzia na meza ya mwanga, au dirisha lenye pazia jeupe, na usikubali kuhukumu kwa picha iliyotumwa kwenye simu, kwa sababu skana nayo ina fokasi yake. Tazama kwanza punje za mkanda, hasa ikiwa ni mkanda wa nyeusi na nyeupe ambao punje zake huonekana vizuri. Ikiwa kwenye picha iliyochapwa au kuskaniwa punje zenyewe zimefifia, kosa ni la skana au la mashine ya kuchapia, na kamera haina kesi. Ikiwa punje ni kali lakini picha iliyojengwa na punje hizo ina ukungu, basi ukungu uliingia wakati wa kupiga, na uchunguzi uendelee.

Swali linalofuata ni kama kuna kitu chochote kilicho kali ndani ya fremu. Picha ya bibi aliyekaa barazani ambayo macho yake yana ukungu, huku mlango ulio nyuma yake ukionyesha kila ufa wa mbao, ni picha yenye fokasi kamili iliyoangukia mahali pasipotakiwa. Ikiwa hakuna kilicho kali popote na kila taa ndogo imegeuka mstari mfupi ulioelekea upande mmoja, hiyo ni mtikisiko wa mkono au wa kamera, na dawa yake ni kasi kubwa zaidi ya shata. Ikiwa upande mmoja wa fremu ni mkali na mwingine hafifu, kuna kitu kimekaa mshazari: kipande cha lenzi, ringi ya kushikia lenzi au mkanda wenyewe, au pengine ni wewe hukuwa sambamba na ukuta uliokuwa ukiupiga. La mwisho hutambulika kwa kuupiga ukuta uleule mara ya pili kamera ikiwa imepinduliwa chini juu. Weka alama ya chaki upande mmoja wa ukuta. Udhaifu ukibaki upande uleule kwa kulinganisha na alama, kosa ni la usimamaji wako, na ukihamia upande wa pili wa ukuta, kosa liko ndani ya vifaa. Kuvu na utando ndani ya lenzi, ambavyo unyevu wa pwani hauchoki kuvizalisha, hupunguza mng'ao na kutia weupe kwenye vivuli. Havihamishi fokasi, ingawa mara nyingi hubebeshwa lawama hiyo.

Kuna makosa ya mpiga picha ambayo yanafanana sana na ya kamera, na ni vyema yakaondolewa mapema. La kwanza ni lile la kulenga jicho la mtu kwa kitovu cha kiwambo kisha kuzungusha kamera ili kupanga fremu. Ukiwa mita 1 kutoka kwa mtu na ukazungusha kamera kwa nyuzi 15, eneo la fokasi huzunguka pamoja na kamera na kuangukia zaidi ya sentimita 3 nyuma ya jicho, ilhali lenzi ya milimita 50 kwa f/1.4 katika umbali huo ina nafasi ya sentimita 1.6 hivi kila upande. Picha itaonekana kama ya kamera inayoelekeza fokasi nyuma, na fundi hatapata cha kutengeneza. La pili ni kulenga kwenye mapambo yanayojirudia: nondo za dirisha, mkeka, pindo la kanga. Kitovu kilichogawanyika nusu mbili, ambacho huonyesha fokasi nusu hizo zinapokutana, kinaweza kukutanisha nondo ya tatu na nondo ya nne, kila kitu kikaonekana kimenyooka, na umbali ukawa wa uongo mtupu. La tatu ni kitovu hichohicho kinapotumiwa na lenzi ya tundu dogo. Kuanzia kama f/5.6 nusu moja huwa nyeusi, na mtu huendelea kukisia.

Macho yanastahili aya yake. Tundu la kuchungulia la kamera nyingi za zamani limetengenezwa kwa jicho linaloona vizuri kiasi cha mita 1, na mtu aliyeanza kuhitaji miwani ya kusomea anaweza kuhangaika hapo bila kujua. Hata hivyo jicho dhaifu halihamishi fokasi upande mmoja. Linasababisha fokasi itawanyike: picha moja mbele, nyingine nyuma, nyingine mahali pake. Kamera iliyopotoka vipimo, ukiacha visa viwili nitakavyovitaja mbele, haitawanyi. Inakosea upande uleule kwa kiasi kilekile kila mara. Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu ndilo linalookoa pesa nyingi kuliko mengine yote. Mtu aliyetazama picha moja tu iliyokosa fokasi hajui chochote. Aliyetazama kadhaa zilizopigwa kwa hali ileile anaweza kutofautisha mkono, jicho na chuma.

Ili upate picha hizo, litandaze gazeti juu ya meza, chora mstari wa kalamu ya rangi chini ya safu moja ya maandishi katikati ya ukurasa, na uisimamishe kamera kwenye stendi ikilitazama gazeti kwa mshazari wa nyuzi 45, umbali wa mita 1 kutoka kwenye mstari. Lenzi ya milimita 50 ndiyo inayofaa, tundu likiwa limefunguliwa lote. Usifanye hivyo juani. Mkanda wa ISO 400 (namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga) chini ya jua la mchana kwa f/1.4 ungedai kasi ya takriban 1/50000 ya sekunde, nazo shata nyingi za kamera hizi huishia 1/1000 au 1/2000. Chumba chenye dirisha kubwa kinatosha. Lenga kwenye mstari ukianzia umbali mrefu na upige. Haribu fokasi kwa makusudi, lenga upya ukianzia karibu, upige tena, kisha urudie mara ya tatu. Katika kila fremu weka kikaratasi chenye namba, maana baada ya mkanda kusafishwa hakuna anayekumbuka ipi ilikuwa ipi.

Fremu ya nne ni ya namna tofauti na watu wengi huiruka. Juu ya kamera nyingi kuna alama ndogo ya duara lililokatwa na mstari, inayoonyesha mahali mkanda ulipo. Pima kwa futi ya utepe kutoka kwenye alama hiyo hadi kwenye mstari wa gazeti, weka lenzi kwenye namba ya umbali huo bila kuchungulia, na upige. Namba za lenzi si sahihi kwa kiwango cha milimita, lakini fremu hii haikupitia kwenye kioo wala kiwambo, na kwa hiyo ni ushahidi wa lenzi na mkanda peke yao. Negativu zikitoka, eneo kali la gazeti linapaswa kuwa na urefu wa takriban sentimita 4 na nusu huku mstari ukiwa karibu na katikati yake. Ikiwa fremu tatu za kwanza zote zimeangukia nyuma ya mstari kwa kiasi kinacholingana, na ya nne imekaa penyewe, tayari umeshamjua mshukiwa.

Jaribio la pili halitumii mkanda hata kidogo. Fungua mlango wa nyuma wa kamera iliyo tupu na utazame dirisha la shata: kuna reli mbili za ndani ambazo uso wa mkanda huzilalia, na mbili za nje ambazo bamba la kukandamiza huziegemea. Mwombe fundi vioo akukatie kipande chembamba chenye upana pungufu kidogo ya milimita 35 ili kikae katikati ya reli za nje na kulala juu ya zile za ndani, kisha ukisugue upande mmoja kwa msasa laini wenye maji mpaka kiwe na weupe kama wa dirisha la bafuni. Upande uliosuguliwa ulazwe kwenye reli, ukiitazama lenzi. Karatasi ya kufuatishia michoro hutumiwa na wengi badala ya kioo, lakini inajipinda, na kujipinda kwa sehemu ya kumi ya milimita ni kosa kubwa kuliko lile unalolitafuta. Weka shata kwenye B, ambapo hubaki wazi kwa muda wote unaobonyeza, ishikilie ikiwa wazi kwa waya wa kufyatulia, fungua tundu lote, na utazame picha iliyopinduka kwenye kioo hicho kwa lenzi ya kukuzia.

Sasa zungusha lenzi hadi mwisho, kwenye alama ya nane iliyolala, yaani umbali usio na kikomo, na uielekeze kwenye kitu kilicho zaidi ya kilomita 1. Kutoka ufukweni Coco Beach kuna meli zinazosubiri zamu ya kuingia bandarini, na kutoka juu ya paa lolote la Sinza au Ilala kuna minara ya simu yenye vyuma vyembamba ambavyo ni shabaha nzuri kuliko jengo. Fanya jioni, jua likiwa limepungua, kwa sababu joto linalopanda kutoka kwenye mabati na lami mchana huufanya mnara uyeyuke machoni na hakuna lenzi itakayoukaza. Maeneo ya kivuko, bandari na Ikulu yaache. Mtu aliyefungua kamera nyuma na kuielekeza huko na kioo mkononi atatoa maelezo marefu kuliko haya. Mwezi unafaa pia, na unapatikana uani kwako.

Baada ya kutazama kwenye kioo cha nyuma, funga shata na utazame kitu kilekile kwa kuchungulia, lenzi ikiwa bado imegota mwisho. Matokeo yana sura nne. Kikiwa kikali kote kuwili, mwili wa kamera na lenzi vinakubaliana, na kosa lako huenda ni la kulenga au la mkanda kutotulia. Kikiwa kikali nyuma lakini hafifu kwenye kiwambo, tatizo ni la kile kioo kilichoinama au la kiwambo, na mwelekeo wake unaweza kusomeka: ikiwa ukichungulia huwezi kabisa kuufikia ukali wa mbali, njia ya mwanga kwenda kwenye kiwambo ni ndefu kupita kiasi, na picha zako zitakuwa zinaangukia nyuma ya ulicholenga; lakini ikiwa ukali wa mbali unapatikana kabla lenzi haijagota, njia hiyo ni fupi, na picha zitaangukia mbele. Kikiwa hafifu kote kuwili kwa namna moja, kamera huenda haina hatia na lenzi, au ringi ya kuunganishia, ndiyo yenye kosa. Picha za karibu bado zitakuwa kali kwa sababu mashahidi wote wawili wamedanganywa sawasawa. Sura ya nne, ambapo kiwambo ni kikali na kioo cha nyuma ni hafifu, ni ya nadra na ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa inaashiria ringi ya lenzi au reli za mkanda kuwa nje ya kipimo, au kamera iliyorekebishwa kioo ili kulingana na lenzi mbovu. Lenzi ya pili unayoiamini, hata ya kuazima, ndiyo inayotenganisha hali hizi mbili. Isiwe lenzi ndefu ya milimita 200 au 300, kwani nyingi za hizo huruhusiwa kwa makusudi kupita alama ya mwisho ili joto linapozitanua zisikwame.

Lenzi iliyotiwa hatiani na jaribio hilo mara nyingi ni lenzi iliyowahi kusafishwa. Hesi inayoisogeza mbele na nyuma ina milango kadhaa ya kuanzia, na ikirudishwa kwa mlango usio wake itazunguka vizuri kabisa mkononi huku ukomo wake ukiwa mahali pengine. Kosa jepesi zaidi ni la ringi ya nje, ambayo kwa lenzi nyingi hushikwa na skrubu ndogo tatu. Zikilegea, alama na ukomo huhama pamoja. Ringi za kuunganishia lenzi za mfumo mmoja kwenye kamera ya mfumo mwingine zina hesabu isiyosamehe: ikisukuma lenzi ya milimita 50 mbele kwa milimita 1 tu, lenzi hiyo haitaona kwa ukali chochote kilicho mbali zaidi ya takriban mita 2 na nusu. Ndiyo sababu lenzi ya M42 haiwezi kufika mbali kwenye Nikon kwa ringi ya kawaida isiyo na kioo cha kusahihisha, wakati kwenye Pentax ya K inafika, ilimradi ringi imezama ndani ya mdomo wa kamera. Zipo pia lenzi za tundu kubwa ambazo fokasi yake huhama kidogo tundu linapobanwa. Unalenga ukiwa kwenye f/1.4, kamera inapiga kwenye f/2.8, na ukali umerudi nyuma. Hiyo ni tabia ya muundo wa vioo vyake, na hutambulika kwa kulipiga gazeti lilelile kwa matundu matatu bila kugusa fokasi.

Kioo na kiwambo vikitiwa hatiani, tazama kwanza uchafu kabla ya vipimo. Sponji zilizowekwa na viwanda katika kamera za miaka ya 1970 huoza na kuwa lami nyeusi inayonata, na joto letu huharakisha kazi hiyo. Lami ikifika kwenye kipini ambacho kioo hukiegemea, kioo hakirudi chini kikamilifu, na kosa linaweza kubadilika kati ya picha na picha kwa kiasi cha kumfanya mtu aishuku akili yake. Kiwambo kilichotolewa kusafishwa huweza kurudishwa kichwa chini. Kwa kamera nyingi uso wake uliosuguliwa unapaswa kutazama chini, kwenye kioo. Huweza pia kurudishwa bila washa nyembamba (vipande bapa vya kurekebisha kimo) zilizokuwa kwenye fremu yake, ambazo mtu asiyezijua huzidhania takataka. Yote haya yakiwa safi, kinabaki kipini chenyewe, ambacho huwa na skrubu ya kurekebisha pembe ya kioo, na hapo ndipo mahali halali pa bisibisi.

Upande wa mkanda hauna mengi, lakini usipuuzwe. Chembe moja ya mchanga wa ufukweni juu ya reli ya ndani inatosha kuuinua mkanda na kuukwaruza kwa wakati mmoja. Springi ya bamba la kukandamiza ikilegea, mkanda uliojikunja hautanyooka, na picha zitakuwa na katikati na kingo zisizokubaliana, fremu moja hivi na nyingine vile.

Kamera za kipima umbali, kama vile Leica M, Zorki, au Yashica Electro 35 yenye lenzi isiyotoka, zina ugumu wa aina yake kwa sababu jicho halipiti kwenye lenzi hata kidogo. Mtu anaweza kupiga mkanda mzima kifuniko kikiwa juu ya lenzi. Unachokiona ni picha mbili kwenye kidirisha, zinazokutana lenzi inapofika umbali wa kitu. Hapa utaratibu haugeuzwi: kwanza lenzi ithibitishwe kwa kioo cha nyuma, ndipo kipima umbali kirekebishwe kifuate lenzi, kamwe si kinyume chake. Elekeza kwenye mwezi, lenzi ikiwa imegota mwisho. Picha mbili za mwezi zinapaswa kuwa moja. Zikiwa moja kabla ya lenzi kugota, picha zako zinaangukia mbele. Zikiwa zimepishana juu na chini tu, hilo ni rekebisho jingine, kwa kawaida lenye skrubu yake, na linachosha macho bila kuhamisha umbali. Kisha upime kwa mita 1, kwa sababu kipima umbali kinaweza kusema kweli mbali na kudanganya karibu, jambo linalotokea pia pale lenzi ya Kisovieti inapofungwa kwenye mwili wa Leica. Kamera za fokasi ya otomatiki nitazitaja kwa ufupi: nyuma ya kioo kikubwa kuna kidogo kinachopeleka mwanga kwenye vihisio vilivyo sakafuni, kwa hiyo njia za mwanga ni tatu, na kulenga kwa mkono fremu moja na kwa otomatiki fremu nyingine kutakuambia ikiwa ile ya tatu ndiyo iliyopotoka.

Unapofika kwa fundi, peleka negativu za gazeti pamoja na gazeti lenyewe lenye mstari, kipande chako cha kioo, na lenzi zote mbili ulizopimia, na umweleze ni sura ipi kati ya zile nne uliyoiona. Kamera ikirudi, rudia jaribio la mbali kabla ya la karibu, na safari hii uchungulie sehemu ya juu na ya chini ya kiwambo, si katikati peke yake. Kioo huzunguka kwenye bawaba iliyo upande mmoja, kwa hiyo pembe yake ikibadilishwa, juu na chini ya kiwambo havisogei kwa kiasi kimoja. Ikiwa katikati ni kali lakini mnara wa simu uliokaa juu ya fremu unahitaji lenzi izungushwe tofauti na ule uliokaa chini, pembe ya kioo imetumika kufidia washa iliyokosekana, na kamera hiyo inapaswa kurudi mezani kwa fundi siku hiyohiyo.